Wenzangu wanakwenda kuangalia samaki Maziwe, mimi naogopa maji

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Moshi, na ni katibu wa kikoba chetu cha akina mama. Miaka yote tukivunja kikoba tunanunuliana vyombo au vitenge vya sare. Safari hii wenzangu wamesema vyombo vimetosha, sasa tutoke. Mmoja wetu ana mdogo wake anayefanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni kule Ushongo, Pangani. Ametupangia kila kitu: basi la kukodi kutoka Moshi, kulala siku mbili, na siku ya katikati kupanda boti hadi Maziwe, fungu la mchanga lililoko baharini. Huko mtu anavaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, analala kifudifudi juu ya maji na kuangalia samaki. Tunaambiwa ni safari ya wanaoanza, hata asiyejua kuogelea anaweza. Tunaondoka mwishoni mwa Februari.

Shangazi, mimi ndiye ninayekusanya michango. Ndiye ninayewapigia simu wanaochelewa na kuwatia moyo wenye wasiwasi. Na katika wote hao hakuna anayeogopa kama mimi. Mjomba wangu alizama bwawa la Nyumba ya Mungu nikiwa darasa la tatu. Tangu siku hiyo mama hakuturuhusu hata kuchota maji mtoni peke yetu. Nimekua hivyo. Nikisikia habari za kuzama kwa meli ya MV Bukoba au kivuko cha MV Nyerere nazima redio. Kwenye chemchemi ya Chemka nimefika na wageni mara kadhaa, nikaishia kukaa kwenye mizizi ya miti na kuwashikia nguo.

Ningeweza kusema naumwa nikabaki. Lakini kuna kijana wangu wa miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Watoto wa kuanzia miaka kumi wanaruhusiwa, na nimeshamlipia. Tangu asikie habari za safari haongei kingine. Anasema anajua kuogelea kwa sababu huwa anaruka na wenzake Chemka. Utotoni alisumbuliwa na pumu, siku hizi inampata mara chache, hasa wakati wa baridi. Baba yake anafanya kazi Dodoma. Nilipomweleza alijibu, "Mwache akomae, mtoto wa kiume huyo." Mama mkwe naye hataki kabisa. Anasema bahari ina wenyewe na mjukuu wake si wa kwenda kuchezewa huko.

Nikimzuia mtoto, nitakuwa nimemrithisha woga wangu. Nikimwacha aende, likitokea la kutokea sitajisamehe. Nikienda nikaanza kutetemeka mbele ya wenzangu na mbele yake, heshima yangu itabaki wapi? Isitoshe mimi navaa miwani ya kuonea mbali, bila hiyo naona ukungu. Basi la kwenda Tanga tu linanichafua tumbo, sembuse boti. Na kuna jambo la nguo. Sijawahi kuvaa nguo ya kuogelea na siwezi kuanza leo.

Sijui hata kinachofanyika huko majini ni nini hasa. Naona aibu kuuliza kwa sababu mimi ndiye ninayejifanya najua. Nisaidie, Shangazi.

Mama Katibu, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako na nimekaa nayo. Unaniuliza kama uende au usiende, na kama umwache mtoto au umzuie. Lakini naona umebeba mzigo mwingine ambao hukuuandika wazi: umekuwa ukiwatia moyo watu wazima wenzako kwa jambo linalokunyima usingizi, na huna wa kukutia moyo wewe. Hilo linachosha. Pole sana.

Na mjomba wako. Uliyaona hayo ukiwa mtoto wa darasa la tatu, ukazuiwa kuyakaribia maji, na nadhani hakuna aliyekaa nawe akakueleza kilichotokea. Woga wako una sababu, na sitakuambia uuache kama mtu anavyovua koti. Ninachotaka ni tuutazame pamoja, tujue upi unakulinda na upi umeukuta tu nyumbani ukauchukua.

Kwanza nikueleze kinachofanyika huko, maana kisichojulikana huzidi kuwa kikubwa usiku.

Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, kama kilomita 8 kutoka ufukwe wa Ushongo. Ni hifadhi tangu 1975. Zamani palikuwa na miti ya mivinje na kasa walipanda kutaga. Miti ikaisha, bahari ikala ardhi, na leo maji yakijaa fungu lote hufunikwa. Ndiyo maana safari hupangwa kwa kufuata maji. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvu: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia asubuhi, kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo mnaweza kuambiwa muwe ufukweni mapema. Nahodha akisema "tunaondoka sasa", muondoke, iwe wa kwenda au wa kurudi.

Gati hakuna. Boti inasimama kwenye maji ya magotini au ya kiunoni, nanyi mnaitembelea na kupanda ngazi fupi. Kwa aliyekulia bara, mara nyingi hatua hizo chache ndizo za kwanza kutisha, kwa sababu mawimbi madogo yanasukuma miguu na boti inapanda na kushuka. Mtu wa boti hukushika mkono. Mpe huo mkono. Safari yenyewe ni nusu saa hadi saa nzima, kutegemea boti na upepo.

Mkifika, safari nzuri ya wanaoanza haiwarushi watu kwenye kina. Huanzia kwenye mchanga, maji ya kiunoni, mahali unaposimama ukitaka. Hapo mnajaribishwa miwani. Unaiweka usoni bila kufunga mkanda, unavuta pumzi kidogo kwa pua. Ikikaa bila kushikwa, ni saizi yako. Nywele zikiingia chini ya ukingo wake maji yatapita, kwa hiyo mwenye rasta azifunge nyuma na wigi libaki chumbani.

Miwani ile hufunika na pua, kwa hiyo unapumua kwa mdomo tu. Hapa ndipo wengi hushtuka, hata wajuao kuogelea. Mwili unatafuta pua, haupati, moyo unaanza kwenda mbio na pumzi zinakuwa fupi fupi. Pumzi fupi ndani ya mrija hazisaidii, kwa sababu unavuta tena ileile hewa uliyokwisha kuitoa. Dawa yake ni kupumua taratibu na kwa kina, huku ukitoa hewa yote. Maji yakiingia kwenye mrija, unapuliza kwa nguvu mara moja yatoke. Yakiingia kwenye miwani, unainua kichwa, unafungua ukingo wa chini, yanamwagika. Usiposikia raha, unasimama. Unaruhusiwa kusimama hata mara kumi.

Haya, mwanangu, yanajifunzika uani kwako. Azima au nunua miwani na mrija, kaa kwenye kigoda, pumua kwa mdomo dakika chache bila maji. Kisha jaza beseni la kufulia, inama, weka uso ndani. Utasikia pumzi yako ikivuma masikioni, nzito na ya ajabu, na mikono itataka kukusukuma utoke. Toka. Rudia kesho. Fanya na kijana wako, mpokezane. Hili peke yake halitakufundisha kuogelea, ila litakuonyesha kama kinachokutisha ni maji yenyewe au ni ile hali ya kukosa pua, na jibu la hapo litakusaidia kuamua mengine.

Maji ya chumvi hukunyanyua kuliko maji ya mto, na ukiwa na jaketi la kuokolea unalala juu bila kazi kubwa. Mwongozaji huwa na boya la duara; wasiojua kuogelea hulishika naye huwavuta taratibu juu ya matumbawe. Utaona chini samaki wa rangi ambazo hata kwenye vitambaa vyako hazipo. Ukitulia utamsikia pono akimega matumbawe kwa meno, krr, krr. Mchanga mweupe mtakaosimama juu yake, sehemu yake imepita tumboni mwa samaki kama huyo. Nakueleza haya kwa sababu barua yako imejaa ya kuogopwa, na ni haki upime na hiki ambacho wenzako wanakifuata.

Sasa nirudi kwenye maneno yako mawili matatu.

Umesema kijana wako anajua kuogelea kwa sababu anaruka Chemka. Hapo ningeuliza zaidi. Chemka kuna mizizi ya kushika pande zote na ukingo uko hatua chache. Baharini hakuna ukingo, na mkondo unaweza kukusogeza ukiwa umeinamia samaki, usijue. Mtoto anayejiamini ndiye anayeondoka kwenye kundi. Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, hunyamaza kimya. Kwa hiyo kama atakwenda, jaketi linalomkaa sawasawa lisitoke mwilini, na awe na mwenzake wa karibu wakati wote.

Kuhusu pumu, hilo si la kuamuliwa na mimi, na wala si la baba yake kuamua kwa simu kutoka Dodoma. Mpeleke kwa daktari mapema, mweleze hasa ni nini mtakwenda kufanya, maana hata matone ya maji ya chumvi yakivutwa yanaweza kuamsha kifua. Daktari akisema ndiyo, dawa yake ya kuvuta iwe mkononi mwa mwongozaji ndani ya mfuko usioingia maji, isiachwe hotelini. Akisema hapana, basi swali lako la woga na kurithisha halipo tena, na mtoto wa miaka 13 anaelewa neno la daktari.

Mume wako anasema akomae. Simlaumu, wengi tumelelewa na lugha hiyo. Muulize tu kwa upole: yeye mwenyewe anajua kuogelea? Nani alimfundisha? Ukomavu na maji vinakutana pale mtu anapofundishwa. Na mama mkwe usimbishie. Chini ya neno lake kuna bibi asiyetaka kumzika mjukuu. Mkae, umweleze kuhusu jaketi, mwongozaji, daktari. Huenda asikubali. Lakini atajua kwamba hukumchukua mtoto kwa kiburi.

Umetaja MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018. Zote mbili zilibeba watu kupita kiasi. Kwa hiyo unapomuuliza mwenye boti ni watu wangapi inaruhusiwa kubeba na kama ina cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, huo si woga, ni kazi ya katibu. Wewe unaona aibu kuuliza. Mimi naona wewe ndiye mwenye haki kuliko wote, maana fedha za wenzako ziko mikononi mwako. Uliza kama majaketi yatatosha wote na kama yako ya saizi ya mtoto. Uliza nani atakuwa ndani ya maji na wasiojua kuogelea, na mmoja atachukua wangapi. Uliza kama kuna redio au simu inayoshika mtandao kule. Bahari ikichafuka asubuhi hiyo, fedha inakuwaje? Hili la mwisho liulize kabla hujamalizia malipo, kwa sababu fedha iliyokwisha kulipwa huwafanya watu walazimishe safari. Mkijibiwa kwa hasira au kwa "msijali, mama", hilo nalo ni jibu.

Na mtu asionje pombe kabla ya kuingia majini. Wakumbushe mapema, kwenye kikao.

Mambo madogo, kwa haraka. Nguo: vaa taiti ndefu na fulana ya mikono mirefu, wengi watakushukuru kwa kuwafungulia njia. Zinakinga na jua, ambalo huunguza mgongo na nyuma ya miguu ukiwa umelala kifudifudi huhisi kitu. Khanga ni ya baada ya maji. Ikilowa huzonga miguu. Viatu vya plastiki vya kufunga vitakusaidia kwenye mchanga wenye miiba, lakini juu ya matumbawe usikanyage kabisa: yanakatika, yanakata, na wengine waishio humo wanachoma. Miwani yako ya macho haiwezi kukaa chini ya miwani ya kuzamia. Ulizia kama wana yenye lenzi. Kama hawana, ujue kwamba majini vitu huonekana vikubwa na vya karibu zaidi, hivyo huenda ukaona kuliko unavyodhani. Tumbo: muulize mfamasia dawa ya kichefuchefu ya kunywa kabla ya kupanda. Asubuhi hiyo kula chai na mkate, mtori uache kwanza. Kaa katikati au nyuma ya boti na tazama mbali, pale mbingu inapokutana na maji.

Sasa njia zako. Umeziona mbili, kwenda au kubaki. Mimi naona ngazi ndani ya hiyo ya kwenda. Unaweza kufika Ushongo na kubaki ufukweni. Unaweza kupanda boti na kushuka kwenye fungu tu, utembee mchangani. Unaweza kuingia maji ya kiunoni, uweke uso mara moja. Unaweza kushika boya. Unaamua kila ngazi ukiifikia, na hakuna inayokulazimisha ya mbele yake.

Kila moja ina gharama. Ukibaki ufukweni na mtoto yuko Maziwe, saa hizo zitakuwa ndefu sana kwako. Basi awe na mtu mzima mmoja aliyekubali kwa kinywa chake kumwangalia yeye tu. "Tutamwangalia wote" haitoshi. Ukipanda boti ukabaki ndani wenzako wakiwa majini, jua litakupiga, na boti iliyotia nanga huchafua tumbo kuliko inayotembea. Fungu ni zuri lakini linafunikwa, usijipangie kukaa huko hadi jioni. Kuchukua masomo ya kuogelea kwenye bwawa la hoteli hapo Moshi au Arusha kabla ya Februari ni jambo jema, ila kutagusa mfuko, na vipindi vichache vitakufundisha kuelea na kutulia, si kushindana na mkondo. Chemka usiende kujifunzia bila mwalimu. Na ukiahirisha mpaka mwaka mwingine, hupotezi ila fedha na siku hiyo. Mtoto atanuna, kisha atakuwa na miaka 14, huenda akiwa amefundishwa.

Kuna lile neno la heshima. Unadhani ukitetemeka mbele yao heshima itashuka. Nimejiuliza kama ndivyo. Katika kundi la akina mama wa Moshi, wengi wao hawajawahi kuingia baharini hata magotini, una hakika uko peke yako? Nadhani wapo wanaokupigia simu kuuliza habari za basi, kumbe wanataka kuuliza habari za maji. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayecheka. Lakini woga uliofichwa ndani ya boti una hatari yake: mwongozaji hajui nani amshike mkono, na mwenye kuogopa anaingia kwenye kina kwa kuona haya kukataa. Hata kama hutaki kuwaambia wenzako, mwambie mwongozaji peke yake, mkiwa bado mchangani. Ni kazi yake kujua.

Na kijana. Umeandika kwamba ukimzuia utamrithisha woga, kana kwamba hajauona. Ameishi nawe miaka 13, Mama Katibu. Amekuona ukishika nguo Chemka. Anachokosa labda ni habari za mjomba wako, jina lake, alikuwa mtu wa namna gani, na ilikuwaje siku ile. Ukimsimulia hayo jioni moja, muulize na yeye kama kuna kitu cha baharini kinachomtia wasiwasi, na umwache ajibu hadi mwisho kabla hujasema la kwako.